Aliingia kwa Mdomo, Akatolewa kwa Karatasi

Iko kauli inayosemwa mno mabarazani siku hizi, na wenye kuisema huisema kwa utulivu mkubwa, kama kwamba mas-ala yote yameshakwisha: "Mali ni ya mwenyewe. Akimtaka mpangaji atoke, na atoke. Na asiyeridhika, mahkama iko." Kauli hii ina sura ya haki, na kwa hivyo huwapita wengi bila ya kuichungua. Sisi hatuna ugomvi na mwenye mali, maana mali ya mtu ni haramu kuliwa kwa batili. Wala hatuna ugomvi na mahkama. Ugomvi wetu ni na yale maneno mawili ya mwisho, mahkama iko, kwani wengi wa wayasemao hawajapata kukaa juu ya benchi la mahkama hiyo ilhali wao ndio walioshitakiwa.

Sisi tumekaa. Tulikwenda kwa ushahidi tu, na tuliyoyaona huko ndiyo yaliyotufanya tuombe nafasi katika karatasi hii ya chama chetu, baada ya kuwa kwa miaka mingi tu wasomaji wake na wala si waandishi.

Yuko mjane, jirani yetu hapa Ng'ambo, mtu mzima wa kuheshimiwa, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa. Amekaa katika vyumba viwili vya nyumba moja kwa muda wa miaka 19. Aliyempangisha alikuwa mtu mwema, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila Ijumaa ya mwanzo wa mwezi, akitoka msikitini, hupita barazani kwetu akanywa kahawa, na bibi humtuma mjukuu wake alete pesa. Marehemu huzitia mfukoni bila ya kuzihisabu, humwombea mtoto dua, akenda zake. Risiti haikuwako. Nani angaliweza kumdai risiti mtu wa namna ile? Ingalikuwa ni kumvunjia heshima mbele ya watu.

Alipofariki, nyumba ikawa ya warithi, na warithi wakataka kuiuza, nao wana haki ya kuiuza. Kwa muda wa miaka miwili wakimtuma kijana kuchukua kodi, na kijana akiipokea mkononi kama alivyokuwa akiipokea marehemu. Kisha siku moja bibi akaja dukani kwetu na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu," akasema, "nisomee hii, maana aliyeileta kaniambia nitie dole gumba tu." Tukaisoma. Ilikuwa samansi. Ilidai ya kwamba mdaiwa hana mkataba, hajalipa kodi kwa miezi 24, na kwa hivyo atolewe.

Siku ya kesi hakimu alimwuliza mambo matatu. Unao mkataba? Hana. Unazo risiti? Hana. Unaye shahidi? Hapo tukasimama sisi na daftari letu la madeni.

Wauza duka wenzetu wanaijua kazi ya daftari hilo. Bibi, mwezi ukiwa mzito kwake, hukopa kwetu fedha za kutimiza kodi, nasi huandika chini ya sukari na mkaa: kodi ya nyumba, na kiasi chake. Katika miezi ile 24 tuliandika hivyo mara 14. Tulidhani tumechukua silaha kali mahkamani. Wakili wa warithi akalifungua, akalisoma kwa adabu ukurasa baada ya ukurasa, akatuuliza swali moja tu: "Daftari hili linaonyesha kuwa mama huyu alikopa. Je, pameandikwa wapi kuwa alilipa?" Tukalitazama daftari letu wenyewe kama kwamba twaliona kwa mara ya kwanza. Hapakuandikwa. Kijana aliyekuwa akichukua kodi alipoulizwa, alisema hakumbuki.

Amri ikatoka. Siku 30.

Wako watakaotutaka tuandike ya kuwa hakimu alihongwa, na ingalikuwa kazi nyepesi kwa kalamu yetu. Hatuandiki, maana hatukuona hata chembe ya jambo hilo. Alisikiliza kwa subira, alimpa bibi kiti, alimzuia wakili asimharakishe, na alihukumu kwa kile kilichowekwa juu ya meza yake. Na hapa khasa ndipo penye uchungu wetu. Hakimu mbaya hushitakiwa kwa wakubwa wake akaondolewa. Utafanyaje basi pale ambapo hakimu ni mwadilifu, na dhulma ikapita mbele yake imevaa kanzu safi? Katika watu wawili waliosimama pale, mmoja tu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuandika risiti. Hakuiandika. Kisha kule kutoandika kwake mwenyewe kukawa ndio ushahidi wake juu ya mwenzake. Mpangaji hawezi kujiandikia risiti. Akijiandikia, ni mghushi na atafungwa. Hii ndiyo mizani tunayoambiwa iko.

Tulisoma chuoni, na hata mtoto aliye juzuu za mwanzo huambiwa na mwalimu wake, ya kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu haikuteremshwa kwa ajili ya sala wala saumu. Imo katika Surat al-Baqara, na maudhui yake ni deni na kuandikishana. Inaamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi washuhudishwe, na watu wasichoke kuandika, liwe jambo dogo au kubwa. Na humo mna jambo ambalo wasomaji wa haraka hulipita: anayetakiwa kumtamkia mwandishi maneno ya kuandikwa ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mwenye kudaiwa, si mwenye kudai. Na akiwa dhaifu asiweze kutamka, basi amtamkie msimamizi wake, naye kwa uadilifu. Mnyonge ndiye aliyepewa neno. Katika nyumba zetu za kupanga tumelipindua jambo hili juu chini: mwenye kudai ndiye mwenye kalamu, na akipenda huiweka kalamu mfukoni. Ama wale watakaotuambia kuwa kodi si deni la muda, tutawauliza kodi isiyolipwa mwezi ukisha ni kitu gani, na kama si deni, kwa nini walimshitaki bibi.

Mambo haya si mageni katika kisiwa hiki. Wazee wa Ng'ambo walijenga vibanda vyao juu ya viwanja vya watu, nyumba ikiwa yao na kiwanja si chao. Mwanzo walikaribishwa, kwani mwenye ardhi wa zamani alipenda kuwa na watu wengi chini ya mkono wake, na fahari yake ilikuwa ni wao zaidi kuliko fedha. Mji ulipokua na kiwanja kikapata thamani, mambo yaligeuka; kodi ya ardhi ikawekwa, kisha ikapanda, kisha ikapanda tena, na viwanja vikabadilisha mikono kwa madeni na mauzo, hata aliyekuja kudai siye yule aliyekaribisha. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa. Wenye ardhi wakakimbilia mahkamani, na huko wakashinda, maana karatasi zilikuwa kwao. Amri za kutolewa zikatoka, watu wakatiwa kifungoni, na umati ukaenda kuwatoa kifungoni kwa nguvu. Hapo ndipo serikali ya Muingereza ilipozinduka ikatunga sheria ya kuiwekea mpaka kodi ya ardhi. Sheria hiyo haikuwa na siri wala ugumu wowote ndani yake. Ingaliweza kutungwa mapema, kabla ya mtu kufungwa. Lakini kwa muda wote ule waliolalamika walikuwa wakiambiwa ya kuwa mahkama iko.

Tumepata kujiuliza mara nyingi, lau mahkama zile zingaliwatazama wale wajenzi kwa jicho la vitabu tulivyosomeshwa sisi wenyewe, zingalihukumu vipi? Wengi wetu hapa ni watu wa madhehebu ya Shafi, na katika mlango wa ariya imeelezwa hukumu ya mtu aliyeazimwa ardhi ajenge au apande, bila ya kushurutishwa kuwa atabomoa bure. Mwenye ardhi akiitaka ardhi yake hawezi kumwambia ng'oa uende. Ama ataliacha jengo likae na alipwe ujira wa ardhi yake, ama litabomolewa naye atalipa upungufu uliompata mjenzi. Sisi si wanachuoni, ni wauza mchele na mafuta, na aliye mwanachuoni atusahihishe tutamshukuru. Lakini hatuoni vipi mtu aliyepewa ruhusa kwa mdomo, akachoma chokaa, akakata boriti, akapiga udongo, akaezeka makuti, atakuwa mbele ya haki sawa na mwizi aliyeruka ukuta usiku.

Mashambani ilikuwa vivyo hivyo, na madhara yake yalikuwa makubwa zaidi. Hali ya utumwa ilipofutwa kwa amri ya 1897, amri ile ile ilimtaka aliyepata uhuru wake aonyeshe pahala pa kukaa na njia ya kujilisha, la sivyo ahisabiwe mzururaji. Basi akaenda kwa nani, ila kwa yule yule mwenye shamba? Akapewa pahala pa kujenga na pa kulima baina ya mikarafuu, kwa makubaliano ya mdomo. Muhogo, viazi na mahindi alikuwa na ruhusa kupanda; mkarafuu na mnazi hakuruhusiwa, kwani katika ada ya kisiwa hiki mwenye kupanda mti wa kudumu huweza kuudai mti wake. Jembe lake likawa linasafisha ardhi chini ya mikarafuu ya mwenyewe, na mwenyewe akapata palilio lisilo mshahara. Waingereza waliwaita watu hawa maskwota, jina la kuonyesha kwamba wamevamia, ilhali walikaribishwa na wakatumika.

Mpango huo ulikwenda kwa miaka sitini bila ya karatasi, na ulikwenda kwa sababu pande zote mbili zilihitajiana. Kisha ukaja uchaguzi wa Julai 1957, na chama cha Hizbu kisipate hata kiti kimoja. Mwaka 1958 wakaazi wa mashamba waliojulikana kuwa ni watu wa Afro-Shirazi wakawa wanaambiwa wahame. Kwa sheria ya siku zile mwenye shamba hakuwa na kosa: hakuvunja mkataba, kwa sababu hapakuwa na mkataba. Watu nao wakajibu kwa silaha waliyokuwa nayo, wakagomea maduka. Sisi tulikuwa hatujazaliwa, lakini babu yetu alikuwa na duka, na baba alitusimulia namna wateja wa miaka na miaka walivyokuwa wakipita mlangoni bila ya kutoa salamu, na babu akikaa juu ya kigoda chake akitazama gunia la mchele likiota wadudu. Babu hakuwa na shamba hata la kuzikia paka. Ilitosha tu kuwa mtu amemhisabu upande fulani. Juni 1961, katika fujo za uchaguzi, watu 68 waliuawa, wengi wao huko huko mashamba. Hatusemi kuwa kuhamishwa kwa wakaazi peke yake ndiko kulikoleta msiba ule. Twasema kuwa aliyelala nje ya kibanda chake mwaka 1958 alikuwa bado anakumbuka mwaka 1961, na alikuwa bado anakumbuka Januari 1964.

Watu wa chama kinachotawala hutujibu hapa kwa haraka: Mapinduzi yamekwisha yamaliza hayo. Kweli, mwaka 1964 ardhi ilifanywa kuwa ya umma, na tangu 1965 familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Na sheria ya ardhi ya 1992 imesema tena kuwa ardhi ni ya umma. Hatulikanushi hata moja. Lakini ardhi kuwa ya umma hakukumfanya mpangaji asiwe mpangaji. Ukuta una mwenyewe, paa lina mwenyewe, na ufunguo una mwenyewe. Mwaka 1994 ikatungwa sheria ya mahkama ya ardhi peke yake, nalo ni jambo jema na twalisifu bila ya kinyongo. Ila mahkama iwe ya zamani au mpya, ikiwa swali lake la kwanza ni leta karatasi, basi atashinda yule aliyekuwa na fursa ya kuiandika.

Wala pasiwe na mtu wa kutusoma akadhani twachochea kabila. Mwenye ardhi wa 1928 aliweza kuitwa Mhindi au Mwarabu, na watu wakajidanganya kuwa wamemjua adui. Mwenye nyumba wa leo ni mjomba wetu na ami yetu, tunasali naye safu moja, na wakati mwengine ni sisi wenyewe.

Twasema sisi wenyewe kwa makusudi. Uani kwetu tuna chumba kimoja tunachokipangisha, na anakaa humo kijana mmoja mwalimu wa skuli. Jioni ya siku ile tuliyorudi mahkamani tulimwita, tukamwuliza amekwisha tulipa miezi mingapi. Akajibu bila ya kufikiri: miezi 31. Sisi katika hisabu ya kichwani tulikuwa na 29. Tukakaa naye, tukahisabu mwezi kwa mwezi, Ramadhani hii na Ramadhani ile, ugonjwa wa mtoto, safari yake ya Pemba, na mwisho tukaona ya kuwa yeye ndiye aliyesema kweli. Kumbukumbu ilikuwa kwake na nguvu ilikuwa kwetu. Lau tungaligombana naye na tukenda mahkamani, tungaliapa kwa miezi 29, tungalishinda, na tungalikula mali ya mtu wala tusijue. Usiku ule tulimwandikia risiti 31, na mkono ukatuuma.

Basi twataka nini? Hatutaki mpangaji akae bure, na wenye nyumba wasitutangazie hivyo. Twataka iwe sheria, na isiwe ihsani, kwamba apokeaye kodi atoe risiti papo hapo, na abakie na kishina chake katika kitabu. Na twataka atakayekwenda mahkamani kudai kwamba hakulipwa aanze yeye kuweka kitabu cha vishina mbele ya hakimu. Akiwa hanacho, dai lake la malimbikizo lisisikilizwe, na asipewe amri ya kumtoa mtu kwa sababu hiyo. Mpangaji mbaya, naye yuko na twamjua, hatapata kinga hapo hata kidogo. Vishina vyenyewe vitamfedhehesha kuliko wakili yeyote. Anayepoteza kwa kanuni hii ni mmoja tu, naye ni yule aliyekusudia tangu mwanzo asiandike.

Twataka tena samansi isomwe mbele ya anayepelekewa, kwa Kiswahili cha kufahamika, na asiyejua kuandika asitishwe dole gumba juu ya jambo asilolijua. Na kama mpangaji kwa ruhusa ya mwenyewe amejenga choo, amechimba kisima au ameinua ukuta, kabla ya kutoka thamani ya kazi yake ihisabiwe na alipwe. Wenzetu wengine katika kamati wamependekeza kuwa mikataba yote iandikwe kwa sheha. Sisi tumeinyamazia shauri hiyo. Masheha wako wema. Lakini wasomaji wa karatasi hii wanajua ni kwa nini mtu wa chama chetu hana pupa ya kuweka nyumba yake mikononi mwa sheha.

Rufaa ya bibi imeshatiwa, na siku ya kusikilizwa imekaribia. Nyumba ile ina vyumba sita, na wapangaji kadhaa wamepita humo katika miaka miwili ya mwisho. Wengine wamehamia Fuoni, wengine Bububu, na wengine hatujui waliko. Yeyote kati yao aliyemlipa kijana yule mkononi, au aliyemwona mjukuu wa bibi akimpa pesa, aje dukani kwetu baada ya sala ya isha, usiku wowote ila wa Ijumaa. Hatutamwomba aseme zaidi ya alichokiona. Na aliye na samansi nyumbani kwake asiiweke chini ya godoro akingojea imsahau. Aje nayo, tutaisoma pamoja, na kama lazima tutamtafutia wakili. Daftari letu la zamani bado liko mahkamani kama kielelezo. Tumenunua jipya, na kila ukurasa tumeupiga mstari katikati, upande mmoja alichokopa mtu, upande wa pili alicholipa na aliyepokea.